SOMO LA UFUMAJI: KUFUNGA NCHA YA SOKSI BILA MSHONO KUONEKANA

Baridi ya huku hatuna haja ya kuwaeleza. Tuko juu, zaidi ya mita 2,000 kutoka usawa wa bahari, na ukungu wa Mau ukishuka asubuhi, hata ng'ombe anaonekana hataki kukamuliwa. Mtu anaamka saa kumi na moja, anavaa gambuti, anapeleka maziwa barabarani au anaingia shamba la viazi, na gambuti hiyo haivuki miguuni mpaka jioni. Ndani ya gambuti ndimo soksi zetu hufanya kazi. Somo la leo ni juu ya soksi hizo, na hasa juu ya mahali padogo sana: pale mbele, vidole vinapoishia.

KWA NINI SOMO HILI

Nianze kwa kuungama. Zamani nilipoanza kufundisha kikundi kimoja cha kina mama kufuma soksi nzito za gambuti, niliwaonyesha njia niliyoijua mimi. Ukifika nchani, unafunga vitanzi vya upande wa juu, unafunga vya upande wa chini, halafu unashona kingo mbili pamoja kwa sindano. Soksi zilitoka nzuri machoni. Zikauzwa sokoni zote. Nilijisifu hata kwenye mkutano.

Baada ya wiki chache, mama mmoja wa kikundi akanijia na soksi mkononi. Akaniambia, "Mwalimu, baba mkwe amezirudisha. Anasema tumemwekea kamba mbele ya vidole." Nilitia mkono ndani. Kweli, palikuwa na tuta, gumu kama mshono wa gunia. Mzee huyo alikuwa na ugonjwa wa sukari. Mwenye sukari wa muda mrefu mara nyingi miguu yake imekufa ganzi, kwa hiyo kitu kikimsugua hasikii uchungu. Yeye hakujua kuna kidonda mpaka mjukuu alipoona damu kwenye soksi. Kidonda kilichukua miezi kupona. Siwezi kuapa kwamba ni soksi yetu peke yake iliyomjeruhi, maana gambuti nayo ilikuwa imemkaza. Lakini tuta lilikuwepo, na mimi ndiye niliyelifundisha.

Kwa hiyo msidhani somo hili ni la urembo tu. Kwa kijana mwenye miguu mizima, tuta ni usumbufu. Kwa mzee mwenye sukari, tuta dogo linaweza kuwa mwanzo wa kupoteza kidole. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

TUTA LINATOKA WAPI?

Kitanzi kilicho hai ni kile ambacho bado hakijafungwa. Kimekaa wazi kwenye sindano. Ukiichomoa na kuvuta, kinakimbia chini mstari baada ya mstari. Wengi wetu tunaogopa vitanzi hivyo, ndiyo maana tunakimbilia kuvifunga. Lakini ukifunga kila upande peke yake, umejenga kingo mbili nene. Ukizishona pamoja unapata ukuta katikati.

Dawa ni kuacha pande zote mbili zikiwa hai, kisha kupitisha uzi kwa sindano ya kushonea, ukiiga njia ambayo uzi hupita kitambaa kinapofumwa. Ukimaliza umeongeza mstari mmoja mpya wa vitanzi kati ya pande mbili. Hakuna kingo wala tuta, na jicho haliwezi kusema ni wapi upande mmoja umeishia na wa pili umeanzia.

Nilipoeleza hivyo kwa kikundi kilichoanza tena kukutana baada ya vurugu za 2007 na 2008, shosho mmoja alisema, "Kwa hiyo kila upande ukijifunga kwanza, hata ukishonwa baadaye, ukuta unabaki." Hakuna aliyecheka. Walikuwemo humo kina mama wa lugha mbalimbali, na kila mmoja alijua anachosema. Tukaendelea na kazi.

JINA LA MSHONO HUU

Katika vitabu vya Kiingereza mshono huu huitwa mshono wa Kitchener. Kitchener alikuwa jemadari wa Uingereza, na kuanzia mwaka 1914 alikuwa waziri wa vita. Wanajeshi kule Ulaya walikaa ndani ya mahandaki yenye maji na matope, miguu ikaoza. Wanawake wa nyumbani wakaombwa wafume soksi kwa wingi. Husimuliwa kwamba Kitchener alitaka soksi isiyo na tuta mbele, na ndiyo sababu jina lake likakwama hapo. Mshono wenyewe ni wa zamani kuliko yeye. Alikufa mwezi wa Juni 1916, meli aliyopanda ilipogonga bomu la baharini.

Mtu huyu hakuwa mgeni kabisa kwetu. Mwaka 1885 na 1886 alikuwa katika tume ya Waingereza, Wajerumani na Wafaransa iliyopima mipaka ya himaya ya Sultani wa Zanzibar, na hapo ndipo ulipotokea ule ukanda wa maili kumi wa pwani. Na tukumbuke jambo lingine: wakati soksi zinafumwa kule kwa ajili ya askari wa Ulaya, babu zetu waliochukuliwa kubeba mizigo ya vita hiyo hiyo Afrika Mashariki walitembea wengi wao miguu mitupu, na maelfu kwa maelfu hawakurudi. Mitaa ya Kariakor Nairobi na Kariakoo Dar es Salaam ina jina lao. Basi ujuzi huu na ufike kwa miguu yetu pia.

VIFAA

1. Soksi iliyofikia nchani, vitanzi vikiwa bado hai.
2. Sindano mbili za kufumia. Spoki za baiskeli zilizosuguliwa vizuri kwenye jiwe zinatosha.
3. Sindano ya kushonea yenye ncha butu na jicho kubwa. Usitumie sindano ya gunia la viazi. Ni nene, na ncha yake inapasua uzi. Kama huna ya butu, chukua sindano kubwa ya kawaida na utangulize upande wa jicho.
4. Uzi uleule wa soksi. Acha mkia wenye urefu mara nne ya upana wa mahali pa kufunga. Ukiisha katikati utajuta.

Kwa wanaoanza: jizoezeni na vipande viwili vyeupe, na uzi mwekundu wa kufungia. Uzi wa sufu ni rahisi zaidi kwa mwanafunzi kwa sababu vitanzi vyake hushikana. Ule wa dukani wa akriliki huteleza, kitanzi kikitoka kinakimbia haraka.

ZOEZI LA MACHO KWANZA

Fuma kipande cheupe mistari kumi, fuma mstari mmoja mwekundu, kisha endelea na nyeupe mistari kumi. Sasa keti mwangani na uufuate ule uzi mwekundu kwa kidole. Utaona haupiti moja kwa moja. Unapanda, unazunguka, unashuka, unapanda tena kama njia ya kwenda Tinet. Kazi yetu ni kuupitisha uzi kwa sindano katika njia hiyohiyo. Msirukie hatua zinazofuata kabla kila mwanachama hajaliona hili kwa macho yake.

KUPANGA KAZI

Tuseme umebaki na vitanzi 20: kumi vya juu ya mguu na kumi vya wayo. Weka kumi kwenye sindano moja na kumi kwenye ya pili. Hesabu mara mbili. Pande zisipolingana, punguza kitanzi sasa, si baadaye.

Shika sindano zote mbili kwa mkono wa kushoto, moja mbele na moja nyuma, ncha zikielekea kulia. Uso laini wa soksi, wenye alama kama V, uwe nje pande zote mbili. Migongo yenye vinundu iangaliane ndani. Mkia wa uzi utoke upande wa kulia, kwenye sindano ya nyuma.

Tutatumia maneno mawili tu:

KWENDA: sindano ya kushonea inaingia kwenye kitanzi ikitoka upande wako na kwenda mbali nawe.

KUJA: sindano inaingia kwenye kitanzi ikitoka upande wa mbali na kuja kwako.

Na kila mara kuna mambo mawili ya kufanya na kitanzi: KUTOA, yaani kukichomoa kwenye sindano ya kufumia, au KUACHA kibaki hapo.

HATUA ZENYEWE

Mwanzo (mara moja tu):

1. Sindano ya mbele, kitanzi cha kwanza: KUJA. Vuta uzi taratibu. ACHA.
2. Sindano ya nyuma, kitanzi cha kwanza: KWENDA. Vuta. ACHA.

Kisha rudia hatua hizi nne mpaka mwisho:

3. Mbele, kitanzi cha kwanza: KWENDA. TOA.
4. Mbele, kitanzi kinachofuata: KUJA. ACHA. Vuta uzi.
5. Nyuma, kitanzi cha kwanza: KUJA. TOA.
6. Nyuma, kitanzi kinachofuata: KWENDA. ACHA. Vuta uzi.

Rudi hatua ya 3.

Mwisho, kitakapobaki kitanzi kimoja kila upande:

7. Mbele: KWENDA. TOA.
8. Nyuma: KUJA. TOA.

Uzi ukihama kutoka sindano moja kwenda nyingine, upite chini ya ncha za sindano. Ukipita juu, utazaa kitanzi kisicho na baba wala mama.

Kina mama wa kikundi kimoja walifanya hatua hizi kuwa wimbo wa kazi. Mmoja anasema, wengine wanaitikia:

Mbele: kwenda, toa; kuja, acha.
Nyuma: kuja, toa, kwenda, acha.

Semeni kwa sauti. Usione haya. Anayefanya kimya ndiye hupotea, hasa mtoto akilia au mgeni akibisha hodi. Ukilazimika kusimama, simama baada ya hatua ya 6, si katikati.

Kuna kanuni moja ya kujikagua: kila kitanzi hupitiwa na uzi mara mbili, mara moja kwenda na mara moja kuja. Kitanzi kisitolewe kabla hakijapitiwa mara mbili. Kilichopitiwa mara moja kikitolewa, kitakimbia.

KULEGEZA NA KUMALIZIA

Usivute kwa nguvu. Acha uzi uwe mlegevu kidogo, na baada ya kila vitanzi vinne au vitano rudi nyuma, tumia ncha ya sindano kuukaza kidogo kidogo kuanzia mwanzo, mpaka vitanzi vipya vilingane ukubwa na majirani zake. Kazi hii ya kulinganisha ndiyo inayotenganisha fundi na mwanafunzi. Ukikaza mno, umerudisha lile tuta kwa jina lingine.

Pembeni huweza kubaki kijisikio kilichochongoka. Pitisha mkia ndani kwenye kona hiyo na uvute polepole, kitazama. Kisha geuza soksi, ufiche mkia kwa kuupitisha kwenye migongo ya vitanzi, kama sentimita tano kwenda na kidogo kurudi. Usipige fundo. Fundo ndani ya gambuti ni jiwe.

Halafu fanya jaribio letu. Geuza soksi ndani nje, funga macho, pitisha nchani kwenye shavu lako. Shavu lisikie kitambaa tu. Likisikia mstari, fumua urudie. Mimi mara yangu ya kwanza nilirudia mara tatu, tena mbele ya wanafunzi wangu.

MAKOSA NA DAWA YAKE

Mstari wa vinundu umetokea usoni: umebadilisha kwenda na kuja. Rudi mpaka pale ulipokosea.

Kuna tundu: kitanzi kimeruka. Kishike kwa uzi wa rangi nyingine kisikimbie, kisha fumua mpaka hapo.

Vitanzi vimebaki upande mmoja: hukuhesabu mwanzoni.

Uzi umechanika nyuzinyuzi: ncha ya sindano ni kali. Tafuta butu.

SWETA LA MTOTO ALIYEREFUKA

Ujuzi huu una faida nyingine ambayo wazazi wataipenda. Mtoto amekua, sweta limebaki kitovuni, lakini mabega na kifua bado vinamtosha. Usilitupe.

Fumua kwanza mishono ya ubavuni, ili mbele na nyuma ziwe vipande viwili, kila kimoja ukishughulikie peke yake. Juu kidogo ya ile mikunjo ya kiunoni, kata uzi wa kitanzi kimoja tu katikati ya mstari. Chomoa uzi wa mstari huo polepole kwenda pande zote. Sweta litaachana vipande viwili, na vitanzi vitakuwa hai juu na chini. Viokote kwenye sindano. Kama sweta lilifumwa kutoka chini kwenda juu, fuma nyongeza kwenye kipande cha chini, ukiendelea kwenda juu, mpaka upate urefu unaotaka. Kisha unganisha na kipande cha juu kwa hatua zilezile. Usishtuke ukikuta vitanzi vya juu vimepungua kimoja; chukua uzi wa ukingoni uwe kitanzi cha mwisho.

Kama uzi wa rangi ileile haupatikani, weka mstari wa rangi nyingine makusudi, mbele, nyuma na mikononi. Ila kwa sweta la shule, ulizeni kwanza kwa mwalimu mkuu.

KWA WENYE MASHINE YA KUFUMA

Hata kitambaa cha mashine kinafungwa hivi. Usikitoe kwa kukifunga. Ukifika mwisho, weka uzi chakavu wa rangi nyingine, fuma mistari sita hivi, ndipo uachilie kitambaa. Vitanzi vyako vitashikwa na uzi huo chakavu. Ukishaunganisha, fumua uzi chakavu.

WAPI USITUMIE

Si kila mahali panataka mshono huu. Mabega ya sweta zito hubeba uzito wote, na mshono laini hapo huvutika mpaka shingo ikashuka. Mabega yashonwe imara. Pia hatua hizi ni za kitambaa chenye uso laini. Kwa kitambaa cha mikunjo au chenye vinundu pande zote, mpangilio wa kwenda na kuja hubadilika. Shikeni hizi kwanza.

NENO KWA WENYE SUKARI NA WANAOWATUNZA

Soksi nzuri haitoshi. Miguu ikaguliwe kila jioni, chini na katikati ya vidole, kwa macho au kwa msaada wa mjukuu. Kabla ya kuvaa gambuti, tia mkono ndani uone kama kuna jiwe au msumari. Kidonda hata kidogo, nenda zahanati siku hiyohiyo. Usingoje kiume.

YA KUJADILIANA KIKUNDINI

1. Je, bidhaa zetu huwa tunazikagua kwa ndani, au tunatazama nje tu kama mnunuzi wa haraka?
2. Mteja akirudisha kitu, sisi humwona adui au mwalimu?
3. Kufunga hivi huchukua muda zaidi. Pimeni kwa saa: kila mwanachama afunge soksi moja, muandike dakika. Je, bei yetu inalipa muda huo? Kama hailipi, tufanye nini?
4. Ni wazee gani katika kijiji chetu wenye sukari? Kikundi kinaweza kuwafumia jozi ngapi kabla ya baridi ya Julai?

Yule mzee tulimfumia jozi mpya, na safari hii nilifunga ncha mimi mwenyewe. Alitia mkono ndani, akatafuta kwa kidole muda mrefu, akamtazama mkaza mwana wake. "Hii mmeifungia wapi?" akauliza. Hatukumwonyesha.